Kila Sauti Mahali Pake: Somo la Kuandika Nyimbo za Kwaya kwa Kompyuta

"Mali bila daftari hupotea bila habari," walisema wazee. Nyimbo nazo ni mali, na kwaya nyingi hupoteza nyimbo zao kwa njia hiyo hiyo. Mwalimu hutunga wimbo, wanafunzi huushika kwa masikio, mwaka wa masomo huisha, na wale walioijua sauti ya tatu hupokea vyeti vyao wakaenda zao. Mwaka unaofuata wimbo huimbwa bila sauti ya tatu. Mwaka wa pili hauimbwi kabisa.

Dawa ya ugonjwa huo ni kuandika, na siku hizi kuandika muziki hakuhitaji kiwanda cha uchapaji. Ziko programu za kompyuta zinazofanya kazi hiyo. Mojawapo ni MuseScore, ambayo Mjerumani Werner Schweer aliianza mwaka 2002. Toleo lake la nne lilitoka Desemba 2022, nayo hupatikana bure. Mwanafunzi wa Kinanira aliyeazima kompyuta kwa jioni chache aweza kuandika ukurasa safi kama ule uliochapwa Paris.

Lakini jembe peke yake halilimi. Kurasa za kwaya zilizoandikwa kwa kompyuta mara nyingi huwa na kasoro mbili: sauti za waimbaji zimechanganywa ovyo, na alama za kodi kwa mpiga gita zimeandikwa kama maneno ya kawaida tu. Ukurasa wa namna hiyo hupendeza macho siku ya kwanza. Taabu yake huonekana siku wimbo unapohitaji kuhamishwa, kugawanywa au kunakiliwa. Basi katika somo hili tutaona namna ya kuweka kila kitu mahali pake tangu mwanzo, na faida yake.

I. MANENO TUTAKAYOTUMIA

Stafu ni ile mistari mitano tunayoandikia noti. Kipimo ni kipande cha stafu kilichofungwa kati ya mistari miwili ya wima. Toni ni mahali wimbo ulipokaa, mathalani toni ya Do au toni ya Re. Diezi hupandisha noti nusu hatua, na bemoli huishusha nusu hatua. Ndugu zetu wa Tanzania na Kenya husema shapu na flati.

Kodi ni noti tatu au zaidi zinazolia pamoja. Msomaji asiogope, kodi hii hailipwi serikalini. Waliosoma muziki kwa Kifaransa huiita akori. Alama ya kodi ni herufi inayoandikwa juu ya stafu, ili mpiga gita au mpiga kinanda ajue kodi ya kupiga bila kusoma noti zote za waimbaji.

Tabaka ni njia ya kuandika waimbaji wawili au zaidi katika stafu moja, kila mmoja na mwendo wake, bila kugongana. Katika MuseScore kila stafu ina matabaka manne. Programu yenyewe huyaita sauti, lakini mimi nitasema tabaka, kwa sababu katika kwaya zetu neno sauti lina kazi tayari: sauti ya kwanza ni soprano, ya pili alto, ya tatu teno, na ya nne besi. Asiyeangalia hudhani kwamba teno, kwa kuwa ni sauti ya tatu ya kwaya, yapasa kuandikwa katika sauti ya tatu ya programu. Sivyo, na sababu tutaiona mbele.

II. HERUFI NA DO-RE-MI

Hapa Burundi tumesimama penye njia panda ya mafundisho mawili. Waliofundishwa kwa njia ya Kifaransa hutaja noti kwa majina Do, Re, Mi, Fa, Sol, La, Si, na kwao Do ni noti ile ile siku zote. Kwaya nyingi za Tanzania na Kenya hufuata tonik solfa, njia iliyoenezwa Uingereza na John Curwen katika karne ya 19, akijenga juu ya kazi ya mama mmoja wa Norwich aitwaye Sarah Glover. Katika njia hiyo do huhama: ni noti ya kwanza ya toni yo yote uliyomo. Basi karatasi ya wimbo ikitoka Kigoma kwa njia ya ziwa hadi Bujumbura, imevuka mpaka wa nchi na mpaka wa mafundisho pia. Waimbaji wawili waweza kusema "do" na kila mmoja akakusudia noti yake.

Alama za kodi hazitumii njia hizo mbili. Hutumia herufi, na herufi haihami. Jifunze orodha hii kwa moyo:

C ni Do
D ni Re
E ni Mi
F ni Fa
G ni Sol
A ni La
B ni Si

Mtego uko kwenye D. Mtu aliyezoea kusoma Do akiona D huharakisha mkono kwenda Do, na D ni Re. Katika MuseScore, ukifungua mpangilio wa alama za kodi, waweza kuchagua alama zionekane kwa herufi au kwa majina ya Do-Re-Mi, nayo programu itazibadili zote bila wewe kuandika upya. Chagueni namna moja kwa kwaya nzima, mkaishike.

Herufi ikisimama peke yake ni kodi kubwa: C ni Do, Mi, Sol. Ikifuatwa na m ndogo ni kodi ndogo, ile yenye huzuni kidogo: Am ni La, Do, Mi. Tarakimu 7 huongeza noti ya nne: G7 ni Sol, Si, Re, Fa. Mkwaju huonyesha noti ya chini kabisa: C/E maana yake ni kodi C, lakini Mi ndiyo iwe chini.

Kwa bemoli andika b ndogo, mathalani Bb kwa Si bemoli. Kwa diezi andika #, mathalani F# kwa Fa diezi. Kwenye kibodi ya Kifaransa alama hiyo ya # hupatikana kwa kushika AltGr na kubonyeza kitufe chenye tarakimu 3. Jihadhari pia na herufi m. Cm7 ni Do, Mi bemoli, Sol, Si bemoli. Cmaj7 ni Do, Mi, Sol, Si. Usitegemee ukubwa wa herufi kutofautisha hizi mbili. Andika maj kwa ukamilifu, maana taa ikiwa hafifu m ndogo na M kubwa hufanana.

III. MATABAKA

Kwaya ya sauti nne huandikwa mara nyingi katika stafu mbili. Stafu ya juu, yenye ufunguo wa sol, hubeba soprano na alto. Stafu ya chini, yenye ufunguo wa fa, hubeba teno na besi. Unapofungua wimbo mpya katika MuseScore, chagua katika violezo vya kwaya kile cha sauti nne katika stafu mbili. Kisha shika kanuni hii wala usiiache hata kipimo kimoja:

Stafu ya juu: soprano katika tabaka la kwanza, alto katika tabaka la pili.
Stafu ya chini: teno katika tabaka la kwanza, besi katika tabaka la pili.

Sasa twaona kwa nini teno haiendi katika tabaka la tatu. Matabaka huhesabiwa upya katika kila stafu. La tatu na la nne hubaki kwa siku ya haja, kama vile soprano wanapogawanyika makundi mawili.

Mwanafunzi aweza kuuliza, "Kwa nini nisumbuke? Soprano na alto wakiimba pamoja, mbona naweza kupachika noti zote mbili kwenye kijiti kimoja?" Waweza, maadamu wote wawili huanza pamoja na kumaliza pamoja. Lakini kijiti kimoja hakibebi urefu wa namna mbili. Alto akishikilia noti yake huku soprano anatembea, kijiti hakina la kusema. Matabaka huondoa shida hiyo: vijiti vya tabaka la kwanza huelekea juu, na vya tabaka la pili huelekea chini, hata jicho hufuata kila mwimbaji bila kupotea. Programu husaidia pia kwa rangi: noti uliyoichagua huwa ya buluu ikiwa ya tabaka la kwanza, ya kijani ikiwa ya pili, ya rangi ya chungwa ikiwa ya tatu, na ya zambarau ikiwa ya nne. Ukigusa noti ya alto ukaona buluu, jua imeketi kiti cha mwenzake.

Kuandika kwenyewe ni rahisi. Bonyeza N ili kuanza. Chagua urefu wa noti kwa tarakimu: 5 ni noti ya pigo moja, 6 ya mapigo mawili, 7 ya mapigo manne, na 4 ya nusu pigo. Kisha andika noti kwa herufi zake. Maliza soprano kwanza, kipimo kimoja au mstari mzima. Rudi mwanzo, bonyeza kitufe cha tabaka la pili, uandike alto.

Unapoanza tabaka la pili katika kipimo, programu hukijaza mapumziko mpaka uandike noti. Mapumziko ya tabaka la pili yasiyotakiwa waweza kuyafuta. Ya tabaka la kwanza hayafutiki. Waweza kuyaficha tu, kwa kuyachagua na kubonyeza V. Hiyo ni sababu nyingine ya kumpa tabaka la kwanza mwimbaji wa juu wa kila stafu, ambaye mara nyingi ndiye mwenye kazi zaidi.

IV. ALAMA ZA KODI

Hapa ndipo wengi hukosea. Programu ina namna mbili za kuandika herufi C juu ya stafu. Ya kwanza ni kuiandika kama neno, vile uandikavyo "polepole" au "wote". Ya pili ni kuiandika kama alama ya kodi. Machoni hufanana kama mapacha. Lakini neno kwa kompyuta ni mchoro tu, na alama ya kodi ni noti tatu zinazojulikana.

Ili kuandika alama ya kodi, gusa noti ya kwanza, shika Ctrl na ubonyeze K. Kisanduku kidogo hufunguka juu ya noti. Andika kodi, kisha bonyeza upau wa nafasi usogee mbele, uandike nyingine. Ukitaka kuruka hadi kipimo kinachofuata, bonyeza Tab. Ukimaliza, bonyeza Esc.

Andika alama pale tu kodi inapobadilika. Kodi C ikidumu vipimo vitatu, alama moja yatosha.

V. MFANO

Tuchukue kipimo kimoja cha mapigo manne, katika toni ya Do.

Kodi: pigo la kwanza C, la pili F, la tatu G7, la nne C.
Soprano: Do ya mapigo mawili, kisha Si, kisha Do.
Alto: Mi, kisha Fa ya mapigo mawili, kisha Mi.
Teno: Sol, La, Sol, Sol.
Besi: Do, Fa, Sol, Do.

Tazama soprano na alto. Katika pigo la pili soprano anashikilia Do huku alto akipanda kwenda Fa. Katika pigo la tatu soprano anashuka Si huku alto akishikilia Fa. Hakuna kijiti kimoja kiwezacho kuyasema hayo. Matabaka mawili huyasema waziwazi.

Tazama tena pigo la tatu. Alama yasema G7, yaani Sol, Si, Re, Fa. Waimbaji wana Si, Fa, Sol na Sol. Re haikuimbwa na mtu. Je, alama imekosea? La. Waimbaji wanne waweza kuacha noti moja ili kila mmoja apate njia nyepesi ya kupita, na sikio haliikosi. Mpiga gita ataipiga Re hiyo, na kodi itajaa. Kwa sababu hii alama ya kodi haiwezi kukisiwa tu kwa kutazama noti za waimbaji. Mtunzi asipoiandika, mpiga gita wa kesho atabahatisha.

Sasa kiongozi wa kwaya asema wimbo upandishwe, uimbwe katika toni ya Re. Chagua wimbo wote kwa Ctrl na A, nenda katika menyu ya zana, chagua kuhamisha toni, na hakikisha kwamba kisanduku cha kuhamisha alama za kodi kimetiwa alama. Utapata hivi:

Kodi: D, G, A7, D.
Soprano: Re, Do diezi, Re.
Alto: Fa diezi, Sol, Fa diezi.
Teno: La, Si, La, La.
Besi: Re, Sol, La, Re.

Kila kitu kimehama pamoja, kama familia iliyopanda gari moja. Lakini kama zile C, F, G7 ziliandikwa kama maneno, noti zitahamia Re na maneno yatabaki yalipokuwa. Mpiga gita mwaminifu atasoma C, apige Do, Mi, Sol, huku kwaya inaimba Re, Fa diezi, La. Hata asiyejua muziki atakunja uso. Lawama itamwangukia mpiga gita, naye amepiga alichoandikiwa.

Tangu toleo 3.5 la mwaka 2020, MuseScore yaweza kuzipiga alama za kodi zenyewe. Basi baada ya kuandika, sikiliza. Kodi isiyopatana na waimbaji itajitangaza mara moja, mazoezi hayajaanza.

VI. KUMTOLEA KILA MTU SEHEMU YAKE

Alto mgeni amefika, ataka kujifunza sauti yake nyumbani. Bonyeza F6, kitafunguka kichujio cha uteuzi, chenye orodha ya matabaka manne, alama za kodi na vitu vingine. Ondoa vyote isipokuwa tabaka la pili. Chagua stafu ya juu, nakili, ubandike katika stafu mpya tupu. Alto yote imetoka peke yake, nawe waweza kumpa mgeni karatasi, au kumchezea asikilize.

Lakini kichujio hutii ulichoandika. Ikiwa katika kipimo cha saba alto aliwekwa katika tabaka la kwanza kwa haraka ya mwandishi, nakala itatoka na shimo hapo. Makosa ya namna hiyo hurekebishwa kwa zana ya kubadilishana matabaka, la kwanza kwa la pili. Hata hivyo ni heri kukagua mapema: pitia wimbo noti kwa noti ukitazama rangi.

VII. KUHIFADHI

Umeme wetu hukatika bila kubisha hodi. Kila umalizapo mstari, shika Ctrl na ubonyeze S.

Kuna jambo kubwa kuliko umeme. Finale ilikuwa programu mashuhuri ya kuandikia muziki tangu mwaka 1988, na ndiyo iliyolizoeza jina la matabaka kwa watu wengi. Tarehe 26 Agosti 2024 wenyewe, kampuni ya MakeMusic, walitangaza kwamba hawataiendeleza tena. Watu waliokuwa na nyimbo za miaka thelathini katika faili za Finale ikawabidi kutafuta njia ya kuzitoa. Waliovuka kwa urahisi ni wale waliopitia MusicXML, aina ya faili iliyotolewa mara ya kwanza mwaka 2004 ili programu mbalimbali zisomeane muziki. Faili hiyo hubeba matabaka na alama za kodi, ikiwa ziliandikwa kama alama za kodi. Zilizoandikwa kama maneno hufika ng'ambo zikiwa maneno.

Basi kwa kila wimbo weka vitu vitatu: faili ya MuseScore yenyewe, nakala ya MusicXML, na karatasi iliyochapwa. Andika juu ya kila kimoja jina la mtunzi, mwaka na toni.

VIII. NENO KWA WALIOTANGULIA

Wimbo wa taifa letu, Burundi Bwacu, umetumika tangu mwaka wa Uhuru, 1962. Muziki wake ulitungwa na Marc Barengayabo, na wengi sana wanaouimba leo hawakumwona kamwe. Ndivyo wimbo unavyompita mtunzi wake kwa maisha, ukipata wa kuutunza. Nyimbo za kwaya za shule hazina taifa zima la kuzikumbuka. Zina ninyi tu.

Ninyi mliomaliza, mlioko Kigoma, Uvira, Nairobi au Brussels, huenda katika sanduku la zamani mna daftari lenye sauti moja ya wimbo ambao hapa umesahauliwa. Pigeni picha kurasa hizo, mzilete. Msiseme, "Mimi nilikuwa besi tu." Besi mmoja, alto mmoja na mtu akumbukaye kodi za gita waweza kuurudisha wimbo mzima, kila sauti mahali pake.

MAZOEZI

1. Taja noti za kodi hizi: F, Am, G7, C/E.
2. Hamisha mfano wetu uwe katika toni ya Fa. Kodi ipi imepata bemoli?
3. Katika mfano wetu, alto na soprano wakiandikwa kwa kijiti kimoja, kijiti kitashindwa kuanzia pigo gani, na kwa nini?
4. Mwimbaji wa tonik solfa asema "do" akiwa katika toni ya Sol. Mwenzake aliyesoma kwa Kifaransa huitaje noti hiyo? Alama ya kodi yake ni herufi gani?
5. Chagua wimbo mmoja wa kwaya yako usioandikwa mahali popote. Andika vipimo vinane vyake kwa matabaka mawili katika kila stafu, pamoja na alama za kodi. Kisha uhamishe toni hatua moja juu, na umpe mpiga gita aupige bila kumweleza neno.